Mlaji na maandishi madogo ya mkataba

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa serikali wa Magomeni, Dar es Salaam.



Mtu atokaye Jangwani kwa miguu, akaifuata Barabara ya Morogoro kuelekea Ubungo, hupita Magomeni Mapipa, kisha Usalama, kisha Mwembechai na Kagera. Katika mwendo huo hana haja ya kununua gazeti ili apate cha kusoma. Kuta, nguzo za umeme, migongo ya daladala na milango ya maduka vyote huzungumza naye. Bango moja humwambia kwamba mkopo hupatikana ndani ya saa 24. La pili humwambia kwamba kiwanja kilichopimwa kinamngoja, dakika chache tu kutoka barabara ya lami. La tatu humwahidi dawa ya siku saba kwa maradhi yaliyowashinda madaktari. Naye kinyozi wa jirani amefungulia redio, na tangazo linapofikia mwisho msomaji wake huongeza maneno manne kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua: vigezo na masharti kuzingatiwa.

Mazungumzo haya yanahusu maneno hayo manne. Tangazo zima husemwa polepole, kwa sauti tamu na muziki nyuma yake. Maneno hayo peke yake ndiyo husemwa mbio. Katika gazeti huchapwa kwa herufi ambazo mzee hazisomi hata akiwa na miwani. Wala si kwa bahati mbaya. Kila kilichoahidiwa katika dakika nzima ya tangazo huweza kupunguzwa, kuahirishwa au kufutwa na maneno yasiyochukua hata nukta mbili kuyatamka, na mlaji aliyesikia ahadi hana habari kwamba masharti yenyewe yapo katika karatasi nyingine, katika ofisi nyingine, na mara nyingi katika lugha nyingine.

Walimu na watumishi wa serikali wana sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Mfanyabiashara ndogo ndogo wa Kariakoo hukopeshwa kwa mashaka, kwa kuwa kipato chake hakina tarehe. Mtumishi ana mshahara unaofika kila mwezi, una hati, na unaweza kukatwa kabla haujamfikia mkononi. Kwa mkopeshaji mshahara huo ni dhamana nzuri kuliko nyumba, maana nyumba ina mke, watoto na ndugu ndani yake, na kuiuza ni kesi. Ndiyo maana matangazo mengi ya mikopo huanza kwa kuwataja kwa kazi zao: walimu, wauguzi, askari, watumishi wote wa umma. Kutajwa huko kuna heshima yake, lakini si heshima peke yake.

Kabla ya kufika kwenye mikopo, ni vema kuyatazama maneno machache ambayo walimu wa lugha huyafundisha kila siku bila kuyashuku. Neno la kwanza ni "hadi". Duka linapotangaza punguzo hadi asilimia 50 halijasema uongo hata kama bidhaa 300 zimepunguzwa kwa asilimia tano na jozi moja tu ya soksi imepunguzwa kwa nusu ya bei. Neno la pili ni "kuanzia". Bei inayoanzia shilingi 9,900 inaweza kuishia popote, na mara nyingi kitu kinachouzwa kwa bei hiyo ya kuanzia kimekwisha asubuhi ile ile, au hakikuwapo kamwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakitambua kitendo hicho cha kutangaza bidhaa kwa bei ya kuvutia bila kuwa na akiba ya kutosha, na inakikataza. Lakini anayejua hivyo ni nani, katika msongamano wa mtaa wa Kongo siku mbili kabla ya sikukuu?

Kisha kuna kitenzi kisichokuwa na mtenda. Mwalimu yeyote wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi wake kauli ya kutendwa, akawaambia kuwa humficha mtenda. Mkataba huipenda sana kauli hiyo. "Ada itatozwa." Nani ataitoza, kiasi gani, mara ngapi? "Viwango vinaweza kubadilishwa bila taarifa." Vitabadilishwa na nani, na kwa idhini ya nani? Mlaji anayejizoeza kutafuta mtenda katika kila sentensi ya namna hiyo atagundua kwamba upande wake wa mkataba umeandikwa kwa vitenzi vilivyo wazi kabisa: mkopaji atalipa, mkopaji atakabidhi, mkopaji anakubali.

Sasa mikopo. Mwalimu wa shule ya msingi anahitaji shilingi milioni moja kwa ada ya mtoto aliyefaulu. Ameona bango lenye maneno "riba asilimia 3.5 tu kwa mwezi". Tarakimu hiyo haimtishi, kwa kuwa amekwisha kusikia kwamba ndicho kikomo ambacho Benki Kuu iliwawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, chini ya utaratibu uliofuata Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Anaingia ofisini. Karani ni kijana mwenye adabu, anamwamkia, anamwita mwalimu, anamletea maji ya kunywa. Fomu ina kurasa tano na imeandikwa kwa Kiingereza, ingawa bango liliandikwa kwa Kiswahili. Jambo hili la lugha mbili linastahili kutazamwa, maana ni la kawaida mno kiasi kwamba limeacha kushangaza: mlaji huitwa kwa lugha anayoiota, hufungwa kwa lugha anayoisoma kwa kusitasita. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Fomu nyingi za mitaani bado hazijapata habari hiyo.

Katika ukurasa wa tatu kuna jambo ambalo bango halikulisema. Riba ile ya asilimia 3.5 itahesabiwa juu ya milioni nzima kwa miezi yote 12, hata baada ya mwalimu kuwa amekwisha kurudisha sehemu kubwa ya fedha. Hesabu yake ni nyepesi. Shilingi 35,000 mara 12 ni 420,000. Kwa hiyo atarudisha 1,420,000, yaani 118,333 na senti kadhaa kila mwezi. Kama riba ingehesabiwa juu ya deni lililobaki tu, likipungua kila mwezi kwa kadiri anavyolipa, tarakimu ile ile ya 3.5 ingemfanya alipe kiasi cha 103,484 kwa mwezi, na riba yote ya mwaka ingekuwa 241,808. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni shilingi 178,192. Tofauti yote hiyo imo katika maneno mawili au matatu ya ukurasa wa tatu, na bango la barabarani lingeweza kubandikwa bila kubadilishwa herufi moja kwa mkopo wa kwanza na kwa mkopo wa pili.

Hayajaisha. Ukurasa wa nne unataja ada ya kushughulikia maombi, asilimia tano, na bima ya mkopo, asilimia mbili, zote zikikatwa mwanzoni. Mwalimu aliyeomba milioni moja anaondoka na 930,000, lakini analipia riba ya milioni moja. Mwenye kujua hesabu za fedha akikaa na kikokotoo atakuta kwamba gharama halisi ya fedha alizozishika mkononi, ikipimwa kwa deni linalobaki kila mwezi, ni takriban asilimia 7.2 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya tarakimu ya bango. Huu ni mfano tu, uliotungwa ili hesabu ionekane. Ofisi moja na nyingine hazifanani. Lakini kila moja ya vipande vyake ni kitu cha kawaida katika biashara hiyo.

Kutokana na mfano huo linapatikana swali moja ambalo mwombaji wa mkopo anaweza kuliuliza bila kuwa mtaalamu wa hesabu, nalo halihusu asilimia hata kidogo. Leo nitapokea shilingi ngapi mkononi, na mpaka siku ya mwisho nitakuwa nimetoa shilingi ngapi? Tarakimu mbili, ziandikwe kwa kalamu, zitiwe sahihi na karani. Asilimia hukubali kunyooshwa na kukunjwa, lakini shilingi hazikubali. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mtoa huduma aeleze gharama na masharti kabla ya mteja kujifunga, kwa hiyo mwenye kuuliza hivyo haombi hisani.

Liko jambo baya zaidi ya hesabu. Kwa miaka kadhaa imeonekana katika miji mingi ya nchi hii desturi ya mkopeshaji kubaki na kadi ya benki ya mtumishi pamoja na namba yake ya siri, ili mshahara ukiingia yeye awe wa kwanza kuuchukua. Wananchi wameipa mikopo ya namna hiyo jina la "kausha damu", na si kwa mzaha. Utumishi wa umma una kanuni ya siku nyingi kwamba makato yasiuache mshahara wa msingi chini ya theluthi moja, ili mtumishi abaki na cha kula. Kadi ikiwa katika droo ya mtu mwingine kanuni hiyo haina mahali pa kusimama, kwa kuwa fedha hazikatwi na mwajiri tena, zinachotwa. Hakuna ofisi halali inayohitaji namba ya siri ya mteja. Mwenye kuiomba amekwisha kujieleza.

Siku hizi droo hiyo imehamia ndani ya simu. Mkopo huombwa kwa kubonyeza, na kabla ya kubonyeza huja karatasi ndefu isiyoshikika, yenye neno "Nakubali" chini yake. Katika masharti hayo mlikuwa na ruhusa ya kuyasoma majina yote yaliyohifadhiwa katika simu ya mkopaji, na wengi waliitoa bila kujua. Siku ya kulipa ilipopita, shangazi, mwalimu mkuu na mzazi wa mwanafunzi wakaanza kupokea ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hatua hiyo ilistahili sifa, lakini aibu iliyokwisha kuwafikia watu haikuweza kufutwa kwa tangazo la benki.

Huenda mtu akauliza: sheria iko wapi, mtu anapofungwa na maandishi ambayo hakuyasoma? Jibu linahitaji safari fupi hadi Uingereza, kwa sababu sheria ya mikataba ya Tanganyika ilijengwa juu ya misingi ya huko, na tarehe 22 Julai 1920 ndiyo mpaka ambao sheria zetu huutaja katika kupokea sheria ya kawaida ya Waingereza. Hukumu za baadaye hazizifungi mahakama zetu, lakini husikilizwa.

Mwaka 1934 huko London iliamuliwa kesi ya mama mmoja mwenye mkahawa katika mji wa Llandudno, jina lake L'Estrange. Alinunua mashine ya kuuzia sigara kutoka kampuni ya Graucob, akatia sahihi karatasi ya rangi ya kahawia yenye maandishi madogo mno. Mashine ikakwama baada ya siku chache. Mama akadai fedha zake. Kampuni ikaonyesha mstari katika ile karatasi uliosema kwamba ahadi zote zisizoandikwa humo hazihesabiwi. Mama akasema hakuusoma. Mahakama ikamwambia kwamba aliyetia sahihi, na hakudanganywa juu ya alichotia sahihi, amefungwa nacho, asome asisome. Majaji wenyewe hawakuyafurahia maandishi yale madogo, lakini mama aliishindwa kesi. Hukumu hiyo imelaumiwa na wanasheria wengi, na Bunge la nchi ile baadaye likatunga sheria za kupunguza makali yake. Hata hivyo shina lake limesimama kila mahali ilikofika sheria ya Waingereza: sahihi ni sahihi.

Sheria ya Mikataba yetu, Sura ya 345, ina kifungu kinachofanana na mawazo hayo na ambacho kila mtumishi angepaswa kukijua. Kifungu cha 19 kinampa nafuu mtu aliyekubali mkataba kwa kuelezwa yasiyo kweli: anaweza kuukataa. Lakini kifungu hicho hicho kina mlango wa nyuma. Kama mtu huyo angeweza kuugundua ukweli kwa kuwa mwangalifu wa kawaida tu, basi kuelezwa vibaya au kufichwa jambo hakumtoi katika mkataba. Maana yake ni kwamba sheria humwangalia mlaji pia na kumwuliza: karatasi ilikuwa mikononi mwako, kwa nini hukuisoma? Mwalimu na karani wa serikali watapata tabu kubwa zaidi kuliko mkulima asiyejua kusoma katika kulijibu swali hilo.

Upande wa pili wa shilingi upo, nao pia ni wa London. Novemba 1891, wakati wa homa kali ya mafua, kampuni moja ilitangaza katika gazeti la Pall Mall Gazette mpira wa kuvutia moshi wa dawa puani. Kampuni iliahidi pauni 100 kwa yeyote atakayeutumia mara tatu kwa siku kwa majuma mawili, kisha akapatwa na mafua. Ili kuonyesha kwamba haina mzaha, ikasema imeweka pauni 1,000 katika benki ya Alliance. Bibi Carlill aliununua, akautumia kama alivyoelekezwa, akaugua. Kampuni ikadai kwamba lile lilikuwa tangazo tu, majigambo ya biashara. Desemba 1892 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba ahadi iliyo wazi kiasi hicho ni ahadi, na kampuni ikalipa. Hukumu hii iko ndani ya vitabu vya kila mwanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki.

Bibi Carlill alishinda kwa kuwa tangazo lilikuwapo. Liliwekwa mezani mbele ya majaji na maneno yake yakasomwa. Mlaji wa Magomeni anayeshawishiwa na bango, kipeperushi au ujumbe wa simu hana budi kulihifadhi tangazo lenyewe. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni. Picha ya bango pamoja na tarehe yake, ikawekwa pamoja na risiti, ni shahidi ambaye hawezi kuhongwa. Na aliyeahidiwa kitu kwa mdomo na kuambiwa "hilo halina haja ya kuandikwa" angefanya vema kuliandika mwenyewe pembeni mwa fomu, kwa mkono wake, kabla ya kutia sahihi, kisha amtazame karani usoni.

Kuvuka bonde la Msimbazi na kuingia Kariakoo ni kuingia katika maandishi madogo ya namna nyingine, yaani kibao. Katika maduka mengi, juu ya kichwa cha mwuzaji au chini kabisa ya risiti, huandikwa: mali ikiuzwa hairudishwi. Watu wengi wenye elimu wamekubali kwamba hiyo ndiyo sheria ya nchi. Siyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, huweka ndani ya mauzo masharti ambayo hayahitaji kuandikwa: bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa, na iwe ya ubora unaofaa kuuzwa. Sheria ya Ushindani nayo inamlinda mlaji wa kawaida asinyang'anywe haki za namna hiyo kwa maneno ya upande mmoja. Kibao kinaweza kumzuia mtu aliyenunua shati jekundu kisha akapenda la buluu. Hakiwezi kumzuia aliyeuziwa pasi isiyopata moto.

Lakini ili haki hiyo ifanye kazi, risiti lazima iseme kilichouzwa. Risiti iliyoandikwa "simu 1" haimsaidii mtu aliyeambiwa kuwa anauziwa simu mpya ya aina fulani, kumbe ni iliyofunguliwa na kufungwa upya. Mnunuzi angependa aandikiwe aina, namba ya utambulisho na neno "mpya". Vivyo hivyo karatasi ya waranti: nyingi husema mwaka mmoja kwa herufi kubwa, halafu mstari wa chini husema kwamba kinachohusika ni mota tu, au kwamba waranti imekufa iwapo kibandiko fulani kimechanika, au iwapo umeme ulipanda na kushuka. Katika mji ambao umeme hupanda na kushuka, mtu anaweza kujiuliza mwenyewe kilichobaki ni nini.

Kuhusu vifurushi vya simu hapana haja ya kusema mengi. Mamlaka ya Mawasiliano iliweka kanuni zilizoanza Aprili 2021, na mlaji anayeona muda au data yake imekwisha bila maelezo ana mahali pa kuuliza. Wala matangazo ya dawa hayahitaji hotuba ndefu: tangazo la dawa kwa umma linahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na karatasi iliyobandikwa usiku juu ya nguzo ya umeme haikupitia huko.

Yapo maandishi madogo ambayo hayakuandikwa popote, nayo ndiyo yaliyowagharimu watu wengi zaidi. Wakazi wa Magomeni hawahitaji kwenda mbali kuyakumbuka. Mabibo, mwendo mfupi kutoka hapa, ndiko yalikokuwa makao ya DECI, mpango uliovuma kati ya mwaka 2007 na 2009. Haukuitwa mkopo wala hisa. Mtu "alipanda mbegu", na baada ya muda "akavuna" fedha nyingi kuliko alizopanda. Lugha ilikuwa ya shamba na ya madhabahu, na baadhi ya waliouongoza walikuwa wachungaji. Walimu walipanda, wauguzi walipanda, watu walikopa benki ili wapande. Wa mwanzo walivuna kweli, na mavuno yao yakawa tangazo lenye nguvu kuliko redio. Swali moja halikuulizwa kwa sauti ya kutosha: shamba lenyewe liko wapi? Hakukuwa na kiwanda, wala mifugo, wala duka. Mavuno ya aliyetangulia yalikuwa mbegu ya aliyefuata. Mwaka 2009 serikali iliusimamisha mpango huo, viongozi wake wakafikishwa mahakamani Kisutu, na mwaka 2013 baadhi yao wakatiwa hatiani. Waliochelewa kupanda hawakuvuna.

Kisa cha DECI kinafundisha kwamba tangazo hatari kuliko yote huletwa na mtu anayeaminika, naye haliiti tangazo. Jirani, mwalimu mwenzake, mshirika wa kanisani au msikitini humwambia mwenzake kwa nia njema kabisa. Katika hali hiyo mlaji huona aibu kuomba karatasi, kwa kuwa kuomba karatasi ni kama kumwambia ndugu yake kuwa ni mwongo. Hapo ndipo karatasi inapohitajika zaidi. Anayeleta habari njema anaweza kuulizwa kwa upole kabisa: mpango huu una leseni ya nani, na fedha zinazaliwa na nini?

Vyombo vya kushtaki vipo, na ni haki kuvitaja. Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya matangazo ya uongo na ina mamlaka ya kuikagua mikataba ya walaji inayoandaliwa na upande mmoja. Wakala wa Vipimo huhusika na mizani na ujazo, pamoja na ile lumbesa inayomnyonya mkulima. Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, huhusika na ubora. Benki Kuu huhusika na benki na wakopeshaji. Pamoja na hayo, ukweli usemwe: mtu aliyepunjwa shilingi 40,000 hataacha vipindi vyake siku tatu ili aifuatilie ofisi, na wauzaji wabaya wanalijua hilo. Udanganyifu mdogo kwa watu wengi huishi kwa sababu hakuna mmoja anayeuona kuwa mkubwa kiasi cha kuushtaki. Malalamiko ya watu 20 wa shule moja, yakaandikwa katika barua moja na nakala za risiti, yana uzito ambao malalamiko ya mtu mmoja hayana, na hayampotezei kila mmoja siku tatu.

Mambo mengine yanaweza kufanyika kabla ya kufikia barua. Fomu ya mkopo yaweza kuombwa ichukuliwe nyumbani kwa usiku mmoja. Isomwe kwa sauti mbele ya mume au mke, kwa kuwa ndiye atakayeishi na makato hayo. Kesho yake ipelekwe katika chumba cha walimu, ambamo mara nyingi hukaa mwalimu wa hesabu, mwalimu wa Kiingereza na mtu mmoja aliyewahi kuumwa na mkopo wa namna hiyo. Watatu hao, kwa muda wa chai ya saa nne, wanatosha kuifungua karatasi ya kurasa tano. Wala si vibaya fomu kama hiyo, majina yakiwa yamefutwa, ikatumika darasani badala ya kifungu cha ufahamu: wanafunzi watafute mtenda katika kila kauli ya kutendwa, kisha wapige hesabu ya shilingi zinazoingia na zinazotoka.

Na nafasi zilizoachwa wazi katika fomu zichorwe mstari kabla ya sahihi. Wapo waliotia sahihi fomu ya laki tano, na walipopewa nakala, kama walipewa, wakakuta imekuwa laki nane, kwa kuwa pengo la tarakimu liliachwa lijazwe baadaye. Nakala idaiwe papo hapo, ikiwa na muhuri, siku ile ile, kabla ya kupokea fedha. Karani akisema mashine ya kunakili imeharibika, Magomeni Mapipa pana vibanda vingi vya kunakili, na ukurasa mmoja hugharimu shilingi chache tu.